Dakika ya 88 Data Imekatika: Kushika Nidhamu Kwenye Klabu ya Gemu

Ugomvi wa klabu za gemu za mtandaoni una sura moja karibu kila mahali. Mtu anaongoza 2–1 kwenye eFootball, zimebaki dakika mbili, mara skrini inamwambia mpinzani ametoka. Anaingia kwenye grupu la WhatsApp kwa hasira: "Huyu kakata data makusudi!" Mwenzake anajibu kwamba umeme umeondoka. Wa huku na wa kule wanaanza kutupiana maneno, na ikifika saa nne usiku admini aliyechoka anamtoa mmoja wao. Asubuhi klabu imeamka na maadui wawili na mechi isiyo na matokeo.

Mkiwa Mpuguso, wilayani Rungwe, jambo hili lina ugumu wa ziada. Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na mvua ya huku haiji na adabu. Ikiamua kunyesha alasiri, inanyesha mpaka usiku na radi zake. Halafu klabu ya mtandaoni katika eneo lenye chuo cha ualimu haitakuwa ya watu wa mtaa mmoja. Itakuwa na vijana wa kijijini, wanachuo, na wahitimu waliopangiwa shule mikoa ya mbali ambao hawajataka kuachana na wenzao. Huwezi kumwona kila mtu anapocheza, na huwezi kujua kwa kutazama dirishani kama kwao kweli giza limeingia.

Ninaloamini ni hili: klabu ndogo huponywa na adhabu ndogo ambayo kila mtu aliijua kabla ya msimu kuanza, ikatolewa upesi na mtu asiye na maslahi katika ugomvi huo. Kufukuza watu ni rahisi, na ndiyo maana hufanywa mno. Klabu ya watu ishirini ikifukuza wanne, waliobaki hawatacheza kwa uaminifu zaidi. Watacheza wachache zaidi tu.

Anzeni na mtandao wenyewe, kwa sababu ndio utakaowaletea kesi nyingi. Andikeni kanuni kwamba mechi ikikatika haijafa: mabao yaliyofungwa yanabaki, na dakika zilizosalia zinachezwa upya. Aliyekatika apewe dakika 15 za kurudi hewani au kutuma ujumbe, hata wa kawaida kama data haipo. Mara ya kwanza ndani ya msimu asiulizwe kitu. Mara ya pili iandikwe kwenye daftari: tarehe, dakika ya mchezo, nani alikuwa nyuma, na hali ya umeme na mvua kwa wakati huo. Ya tatu iende kamati. Daftari hilo litawasaidia kuliko mabishano yote ya grupu, kwa kuwa mtandao mbovu humkata mtu akiwa anashinda na akiwa anafungwa. Anayekatika mara tatu, zote akiwa nyuma kwa bao, ana maelezo ya kutoa.

Na maelezo yenyewe yana namna ya kupimwa. Simu yenye chaji asilimia sitini haizimwi na TANESCO. Kwa hiyo swali la kwanza liwe, ulikuwa unatumia bando au Wi-Fi? Kama ni Wi-Fi ya nyumbani au ya ofisini, kukatika kwa umeme kunaeleweka. Kama ni bando, je, mnara ulipoteza nguvu, au yeye tu? Mwulizeni mwanachama mwingine wa eneo lile mwenye laini ya kampuni ileile kama alikuwa hewani saa hiyo. Akisema bando liliisha, mwambieni aoneshe ujumbe wa kampuni ya simu unaotaarifu kuwa limekwisha. Una saa yake. Haya si mambo ya kitaalamu. Ni maswali ambayo mwenyekiti wa kitongoji angeuliza kuhusu mbuzi aliyeingia shambani kwa jirani, na yanatosha katika kesi nyingi.

Nje ya mtandao, udanganyifu wa klabu hizi una milango michache. Wa kwanza tunaujua tangu mpira wa shule: mamluki. Kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA vita hii haijaisha, mtoto wa shule nyingine au aliyemaliza zamani anaingizwa uwanjani kwa jina la mwingine. Kwenye simu ni rahisi zaidi, kwani akaunti haina sura. Mwanachama anayefungwa kila wiki ghafla anacheza kama bingwa, kumbe kamkabidhi binamu yake simu. Dawa ya mamluki ni kucheza raundi za mwisho ana kwa ana. Nusu fainali na fainali ziwe mahali pamoja, Tukuyu mjini au ukumbi wowote wenye umeme, kila mtu na simu yake mkononi. Walio mikoa ya mbali wacheze kwa simu ya video, kamera ikiwaelekea wao badala ya skrini. Ni usumbufu, najua, na bando linaliwa. Lakini zawadi ikiwa ya maana, usumbufu huo una thamani yake.

Mlango wa pili ni picha ya matokeo iliyochezewa. Kubadilisha 1–2 iwe 2–1 hakuhitaji ufundi siku hizi. Kwa hiyo kila upande utume picha yake ndani ya dakika kumi baada ya filimbi, na zikitofautiana msibishane juu ya picha. Mwambieni kila mmoja afungue historia ya mechi ndani ya gemu mbele ya kamati. Wa tatu ni programu zilizochezewa, hasa kwenye Free Fire na PUBG Mobile, zile zinazomlengea mtu shabaha au kumwonesha adui nyuma ya ukuta. Hapa msijifanye mafundi. Wenye gemu wana mitambo yao ya kukamata. Garena hufunga moja kwa moja akaunti za Free Fire zinazonaswa na programu za namna hiyo. Kanuni yenu iseme tu kwamba akaunti iliyofungwa na wenye gemu imefungwa na kwenu pia, na mwenye nayo haruhusiwi kurudi kesho yake kwa akaunti mpya.

Wa nne ni kupanga matokeo, na huu ndio unaonisumbua kuliko yote, kwa sababu unafanywa na marafiki wawili kwa hiari yao na hakuna anayelalamika. Ligi inakaribia kwisha, mmoja anahitaji tofauti ya mabao, mwenzake hana cha kupoteza. Mpira wetu una mfano ambao kila kiongozi wa klabu angepaswa kuujua. Februari 2016, siku ya mwisho ya kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8–0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7–0. Geita na Polisi Tabora zilikuwa zinafukuzia nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu. Aprili, shirikisho la soka nchini, TFF, likazishusha daraja timu zote nne, waliofunga na waliofungwa. Nafasi ikaenda kwa Mbao ya Mwanza, ambayo haikuhusika na karamu ile ya mabao. (Mbao hiyohiyo mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la FA pale Dodoma, ikaisumbua Simba kabla ya kulala 2–1. Haikuwa timu ya kubahatisha.) Jifunzeni mambo mawili hapo. Aliyekubali kufungwa aadhibiwe sawa na aliyefunga. Na aliyedhulumiwa atafutwe, arudishiwe chake.

Hilo la pili klabu nyingi husahau. Watu wanapandwa na hasira, wanamshughulikia mkosaji, na yule aliyefungwa kwa hila anabaki na sifuri yake. Lichess, tovuti ya sataranji inayotumiwa na mamilioni bila malipo, ikimbaini mtu aliyekuwa anasaidiwa na kompyuta huwarudishia waliocheza naye alama walizopoteza. Nanyi fanyeni hivyo, na fanyeni kwanza, kabla hata ya kufikiria adhabu. Mechi igeuzwe 3–0, pointi zihamishwe, jedwali litumwe upya kwenye grupu. Nimeona hasira za watu zikipungua nusu pale tu jedwali linaposahihishwa.

Sasa kuhusu kamati. Watu watatu wanatosha. Mmoja ajue gemu vizuri. Wa pili awe mtu mzima asiyecheza kabisa; mwalimu ambaye hajawahi kushika pedi anafaa kuliko bingwa wenu, kwa kuwa hana deni wala kisasi na mtu. Wa tatu achaguliwe kwa kila kesi, mwanachama ambaye nafasi yake kwenye jedwali haibadiliki kwa uamuzi wowote. Wekeni na muda: malalamiko yaletwe ndani ya saa 24, uamuzi utoke ndani ya siku tatu. Mimi sipendi ada ya malalamiko. Inamziba mdomo kijana asiye na elfu mbili, wakati mwenye nazo analalamika kila wiki. Inatosha malalamiko yawe na jina la anayelalamika na yaeleze mechi gani, dakika gani, jambo gani.

Muda na utaratibu vikipuuzwa, hata haki hugeuka kichekesho. Aprili 2017 Kagera Sugar iliifunga Simba 2–1 kwenye uwanja wa Kaitaba. Simba ikalalamika kwamba beki Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano, na Kamati ya Saa 72, ile inayosimamia ligi, ikaipa pointi tatu. Kabla mwezi haujaisha, kamati nyingine ya TFF ikazinyang'anya, ikisema utaratibu wa kuwasilisha malalamiko haukufuatwa. Nchi nzima ikabaki inabishana juu ya tarehe na barua, na suala la kama kadi zilikuwa tatu au mbili likasahaulika. Ninyi hamna mawakili wala magazeti. Ubishi wa namna hiyo utaimaliza klabu yenu kwa wiki moja.

Mshitakiwa aitwe kwa ujumbe wa faragha. Uwe mfupi, na usiwe na neno la hukumu. Kwa mfano:

"Kaka, habari za kazi. Kamati imepokea malalamiko kuhusu mechi yako ya Jumatano usiku. Anayelalamika anasema picha ya matokeo haifanani na yake. Tunaomba tukusikilize Jumamosi saa 10 jioni, ukumbini au kwa simu. Njoo na simu uliyochezea. Unaweza kuja na mtu mmoja. Mpaka hapo matokeo yamesimamishwa, na hakuna aliyekuhukumu."

Kama ni mtoto wa shule, nakala iende kwa mzazi au mlezi, na huyo mtu mmoja awe yeye. Akikataa kuja mara mbili, amueni kwa ushahidi mlio nao na muandike kwamba aliitwa.

Siku yenyewe mwacheni aseme kwanza. Wanakamati vijana hupenda kufungua na ushahidi wote mezani, kama wanaogopa utaoza. Mtu akizibwa namna hiyo hushikilia uongo wake mpaka mwisho, hata pale alipokuwa tayari kuukiri. Jirani zetu wa Kenya walituonesha namna bora Aprili 2023, kwenye mashindano ya wazi ya sataranji Nairobi. Mchezaji mgeni kabisa, aliyejiandikisha kwa jina la kike na kuvaa buibui na nikabu, alikuwa anawaangusha wanawake wenye majina makubwa Afrika Mashariki. Hakuwa anaongea na mtu. Viatu vyake navyo vilionekana vya kiume. Viongozi wa Chess Kenya walitilia shaka, lakini wakasita. Walihofia kuonekana wanambagua mtu kwa mavazi ya dini. Hawakumvua mbele ya watu, wala hawakusimamisha mashindano kwa kelele. Baada ya raundi ya nne walimpeleka chumba cha pembeni, wakamwomba kitambulisho. Kijana wa kiume akakiri palepale, akaandika barua ya kuomba radhi, akisema shida ya fedha ndiyo iliyomsukuma. Pointi zikarudishwa kwa aliowafunga, na shauri likaenda kamati ya nidhamu. Chumba cha pembeni, swali moja, kitambulisho. Lau wangekosea, yule mtu angerudi kwenye meza yake na heshima yake yote, na asingejua mwingine yeyote.

Linganisheni na kilichotokea Marekani miezi saba kabla. Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa sataranji wakati huo, alifungwa na kijana Hans Niemann pale St. Louis Septemba 2022, na kesho yake akajitoa kwenye mashindano akiacha watu wabuni wenyewe. Dunia ikabuni. Ni kweli Niemann alikiri kwamba aliwahi kudanganya kwenye mechi za mtandaoni alipokuwa mdogo zaidi, lakini kwa mechi ile ya mezani hakuna aliyeleta ushahidi. Ikafuata kesi ya madai ya dola milioni 100, iliyotupwa mahakamani mwaka 2023 kabla ya pande hizo kusuluhishana. Mwishoni mwa mwaka huo shirikisho la dunia, FIDE, likamtoza Carlsen faini ya yuro 10,000 kwa kujitoa bila sababu halali. Mtu aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, huyo. Basi nanyi andikeni kwenye kanuni kwamba anayeshuku amalize mechi yake kisha alalamike kwa kamati, na anayemtangaza mwenzake kuwa mwizi kwenye grupu kabla ya uamuzi naye ana kosa, hata ikija kuonekana alikuwa sahihi.

Kipimo cha adhabu kisiwe kirefu. Kosa la kwanza la uwanjani, kukata data makusudi au picha ya uongo: kupoteza mechi 3–0 na kukaa nje mechi mbili. Mamluki: mwenye akaunti na aliyemchezea wote nje msimu mzima, kwa kuwa hilo hutendwa kwa kupanga. Kupanga matokeo hivyohivyo, kwa wote wawili. Fedha za zawadi zikihusika, zirudishwe kwanza, kisha kifungo cha msimu. Anayekiri mwenyewe kabla hajaitwa apunguziwe nusu. Mwaka 2020, tume ya uadilifu ya michezo ya kielektroniki, ESIC, iliwafungia makocha 37 wa Counter-Strike waliotumia hitilafu ya gemu kuona uwanja mzima, na waliojitokeza kukiri na kusaidia uchunguzi wakapunguziwa vifungo. Haikuwa huruma tu. Bila wanaokiri, makosa mengi ya mtandaoni hayajulikani kabisa.

Kufukuza moja kwa moja ningekuacha kwa aliyeiba fedha akakataa kurudisha, na kwa anayeuza mechi kwa watu wa kubeti. Hili la kubeti lina hatari nyingine: kuendesha michezo ya kubahatisha bila leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni kosa, na "tunawekeana buku buku tu" si utetezi ambao polisi atauelewa. Pigeni marufuku dau ndani ya grupu tangu siku ya kwanza.

Halafu kuna swali la kutangaza. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa na Wanyakyusa miaka ya 1930, walieleza jinsi wazee wa huku walivyoamini kwamba manung'uniko ya majirani yanaweza kumwangusha kitandani aliyekosa, na kwamba haponi mpaka akiri na wapatane. Grupu la WhatsApp limerudisha manung'uniko hayo, ila limesahau sehemu ya kupatana. Mkitangaza uamuzi, semeni kosa, mechi, na adhabu, basi. Msibandike picha yake, namba yake, wala sauti alizotuma akiomba msamaha. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na admini wa klabu ya gemu hana kinga mbele ya yoyote kati ya hizo. Lakini hata kama sheria zisingekuwepo, huyo mtu mtakutana naye sokoni Tukuyu na kwenye misiba. Mama yake atakutana na mama yako.

Adhabu iwe na tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo itajwe siku ya uamuzi. Ikifika, arudishwe bila kusubiri aombe. Mechi zake mbili za kwanza zichezwe mbele ya mwanakamati au kwa simu ya video, kisha ulinzi uondolewe na asiulizwe tena. Atakayemwita kwa kosa lake la zamani kila anaposhinda, naye aonywe. Utani wa siku moja unavumilika. Ukigeuka jina la mtu, umeongeza adhabu ambayo kamati haikuitoa.

Na mshitakiwa akiwa admini mwenyewe? Hutokea, na ndipo kanuni nyingi hufia. Malizeni hilo kabla ya msimu. Grupu liwe na maadmini watatu, na yeyote anayelalamikiwa avue uadmini mpaka shauri liishe. Fedha za viingilio zisikae kwenye simu ya mtu mmoja. Ashike mtu asiyecheza, na kila mwisho wa wiki atume kwenye grupu picha ya ujumbe wa salio, namba za simu zikiwa zimefutwa. Akichelewa kuituma wiki moja, aulizwe siku hiyohiyo, kwa adabu, na mwenyekiti.